Jinsi ya Kumsoma James Joyce: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hadithi Fupi Hadi Finnegans Wake

Msomaji anayekusudia kumsoma James Joyce kwa kawaida husikia kwanza jina la Ulysses, hukitafuta kitabu hicho, husoma sura mbili kwa bidii, hukwama katika ya tatu, kisha hukirudisha rafuni akiamini kwamba kimeandikwa kwa ajili ya maprofesa peke yao. Akili yake haina kosa; alianzia mahali pasipostahili. Joyce aliandika vitabu vinne vikubwa vya nathari katika muda wa miaka 35, na kila kimoja kinamfundisha msomaji namna ya kukisoma kinachofuata. Ugumu wake hautokani hasa na msamiati. Unatokana na uamuzi mmoja alioufanya akiwa kijana na asiuache mpaka kufa kwake: hamwelezi msomaji kitu. Msimulizi wa riwaya tuliyoizoea humpokea mgeni mlangoni, humtajia wenyeji, na humwonyesha pa kukaa. Kwa Joyce unaingia chumbani wenyewe wakiwa katikati ya mazungumzo, hakuna anayekatiza kwa ajili yako, nawe unalazimika kutega sikio mpaka uelewe nani anamsema nani. Kutega sikio huko ni ufundi unaojifunzika, na mwongozo huu umepangwa ili kuufundisha hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: yajue maisha yake kwa kiasi kinachotosha

Huhitaji kusoma wasifu mzima kabla ya kuanza, lakini yako mambo ambayo usipoyajua utapapasa gizani, kwa sababu Joyce alitumia maisha yake mwenyewe kama fundi seremala anavyotumia mbao zilizo karakanani.

Alizaliwa Rathgar, kiunga cha Dublin, tarehe 2 Februari 1882, wakati Ayalandi ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake, John Stanislaus Joyce, alikuwa mkusanyaji wa kodi, mwimbaji mzuri na msimulizi hodari, lakini pia mlevi aliyeitumia vibaya mali aliyorithi. James alipokuwa na umri wa miaka sita alipelekwa Clongowes Wood, shule ya bweni ya mapadri Wajesuiti. Mwaka 1891 aliondolewa kwa kuwa karo haikupatikana tena, na baadaye Wajesuiti wakampokea bila malipo katika shule yao ya Belvedere mjini Dublin. Familia ilikuwa ikihama nyumba hadi nyumba, kila moja duni kuliko iliyotangulia. Kuporomoka huku kwa familia, kutoka kwenye heshima hadi kwenye duka la rehani, kumo katika kila kitabu chake, na ndiko kulikompa jicho la kuona thamani ya kila peni mfukoni mwa mhusika.

Alihitimu chuo kikuu mjini Dublin mwaka 1902, akaenda Paris, akarudishwa na simu ya maandishi iliyomwarifu kwamba mama yake yu mahututi. Mama alifariki Agosti 1903. Mwaka uliofuata alikutana na Nora Barnacle, msichana kutoka Galway aliyekuwa akifanya kazi hotelini, na tarehe 16 Juni 1904 walitoka matembezini kwa mara ya kwanza. Siku hiyo ndiyo aliyoichagua baadaye kuwa siku moja ambamo matukio yote ya Ulysses yanatokea, na sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo mwandishi amewahi kumpa mkewe. Oktoba mwaka huohuo waliondoka Ayalandi pamoja bila ndoa, jambo lililokuwa la aibu kubwa wakati ule. Walifunga ndoa ya kiserikali mjini London mwaka 1931, watoto wao Giorgio na Lucia wakiwa watu wazima.

Tangu hapo Joyce akawa mtu wa ugenini. Aliishi Trieste, bandari iliyokuwa chini ya Austria-Hungaria, akifundisha Kiingereza kwa mshahara mdogo. Vita vya kwanza vikampeleka Zürich, na kuanzia 1920 akakaa Paris kwa takriban miaka ishirini. Mara ya mwisho kukanyaga Ayalandi ilikuwa 1912. Hata hivyo, mji wa vitabu vyake vyote vinne ni Dublin, na aliuandika kwa uangalifu wa mtu anayehofia kusahau: majina ya mitaa, namba za nyumba, saa za tramu, nani anauza nini kwenye kona ipi. Macho yake yalimtesa kwa miaka mingi, akapasuliwa mara nyingi, na katika miaka ya mwisho aliandika kwa herufi kubwa akisaidiwa na marafiki. Binti yake Lucia aliugua maradhi ya akili, na huzuni hiyo haikumtoka. Alifariki Zürich tarehe 13 Januari 1941 kwa kidonda cha utumbo kilichotoboka, akazikwa huko huko katika makaburi ya Fluntern.

Hatua ya pili: andaa vifaa

Vifaa ni vichache. Dubliners, A Portrait of the Artist as a Young Man na Ulysses vinapatikana bure na kihalali kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, kwa hiyo bei ya kitabu isiwe kizuizi kwa yeyote mwenye simu. Ukiweza kupata nakala ya karatasi ya Ulysses, tafuta toleo lililohaririwa na Hans Walter Gabler, kwa kuwa mistari yake imehesabiwa na vitabu vingi vya ufafanuzi hurejelea namba hizo. Uwe na daftari. Uwe pia na ramani ya Dublin, hata ya simuni, ili uone mto Liffey unavyoukata mji kutoka magharibi kwenda baharini upande wa mashariki. Mtu asiyeujua mto huo atapotea katika vitabu vyote vinne. Kamusi ni ya lazima, lakini iweke mbali kidogo. Kanuni ninayoishauri ni hii: soma ukurasa mzima kwanza, kisha tafuta maneno matatu tu, yale ambayo bila hayo ukurasa haukueleweka. Anayefungua kamusi katika kila mstari hupoteza sauti, na kwa Joyce anayepoteza sauti amepoteza karibu kila kitu.

Hatua ya tatu: anza na Dubliners

Dubliners ni mkusanyo wa hadithi fupi 15. Joyce aliupeleka kwa mchapishaji mwishoni mwa 1905, na ukachapishwa 1914, baada ya wachapishaji kuogopa maneno machache, majina halisi ya baa na sentensi zisizomheshimu mfalme. Nakala zilizochapwa Dublin mwaka 1912 ziliharibiwa kabla hazijauzwa. Kiingereza chake ni chepesi. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukisoma, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu atamaliza hadithi na kujiuliza: sasa kimetokea nini?

Usisome zote 15 mfululizo. Anza na "Araby", yenye kurasa zisizofika kumi. Mvulana mdogo anampenda dada wa rafiki yake, anamwahidi kumletea zawadi kutoka kwenye soko la maonyesho, mjomba wake anachelewa kurudi na fedha, anafika soko likifungwa, hanunui kitu. Ukiisoma kwa haraka ni hadithi isiyo na tukio. Sasa irudie ukiwa na kalamu, na uzifuate fedha tu. Mvulana anaondoka nyumbani ameishika mkononi sarafu ya florini moja, yaani shilingi mbili, na shilingi ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na peni 12. Ana peni 24. Anapanda treni. Mlangoni mwa soko, kwa haraka ya kuogopa kufungiwa, haoni lango la bei nafuu, anatoa shilingi nzima. Mwishoni Joyce anataja tu kwamba mvulana aliziachia peni mbili zigongane na sarafu ya peni sita mfukoni mwake. Piga hesabu: 24, toa 12, toa 8 zilizobaki, kumbe nauli ya treni ilikuwa peni 4. Na kwa kuwa atahitaji peni nyingine 4 za kurudia nyumbani, yule aliyeahidi zawadi amesimama mbele ya meza ya vyombo vya kauri akiwa na peni 4 za kutumia. Joyce hasemi kwamba mvulana alikuwa maskini, wala hasemi kwamba aliona haya. Ameweka sarafu tatu mfukoni akazigonganisha, akaacha sikio la msomaji lifanye kazi iliyobaki.

Zoezi hili ndilo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Katika kila hadithi chagua kitu kimoja kinachoshikika, uandike daftarini kila kinapotajwa: uzio wa chuma bandarini katika "Eveline", anaoushikilia msichana anayetakiwa kupanda meli kwenda Buenos Aires, saa ya mfukoni iliyowekwa rehani katika "Counterparts", ili karani apate fedha za kunywea jioni moja. Joyce aliziita nyakati za namna hii epifania, neno alilolichukua kutoka kanisani, na msomaji aliyelelewa Ukatoliki na anayeijua sikukuu ya Tokeo la Bwana atauelewa ulinganisho haraka: kitu cha kawaida kinadhihirisha kilichofichika ndani yake, bila maelezo na bila tarumbeta.

Hadithi ya mwisho, "The Dead", iachie jioni tulivu na uisome yote kwa mkao mmoja. Aliiandika 1907, baada ya nyingine zote, na kwangu hakuna hadithi fupi inayoizidi. Karamu ya mwanzo wa mwaka inaonekana kuendelea kupita kiasi: kucheza, kula, hotuba. Ivumilie. Mume, Gabriel, anatazama kila kitu na kudhani anaelewa, mpaka mkewe anaposimama ngazini kusikiliza wimbo unaoimbwa chumba cha juu, unaomkumbusha kijana aliyempenda zamani na akafa. Nora naye, kabla ya kumjua Joyce, alikuwa na mpenzi wa ujana huko Galway aliyefariki angali kijana. Ukilijua hilo unaona ujasiri uliohitajika kuiandika, kwa maana mwandishi anajiweka mahali pa mume anayegundua kwamba marehemu alipenda kuliko yeye.

Hatua ya nne: A Portrait of the Artist as a Young Man

Riwaya hii ilitoka kama kitabu New York mwaka 1916, baada ya kuchapishwa kwa sehemu katika jarida la The Egoist la London kuanzia 1914. Ina sura tano, na inamfuata Stephen Dedalus, kijana anayefanana sana na Joyce, tangu utotoni hadi anapoamua kuihama nchi yake.

Jambo la kushika hapa ni moja: lugha ya kitabu inakua pamoja na mtoto. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kama mtoto mchanga anavyousikia ulimwengu: hadithi ya ng'ombe anayoambiwa na baba, kitanda kinachopata joto kwanza halafu baridi anapokikojolea, harufu ya mama iliyo nzuri kuliko ya baba. Sura ya pili sentensi zimerefuka, ya tatu zimejaa mahubiri, ya nne zinapaa kama mashairi ya kijana aliyejipenda kupita kiasi, na ya mwisho inaishia katika kurasa fupi za shajara. Kwa hiyo ukikuta kifungu kilichopambwa mno, usimlaumu Joyce kwa kuandika vibaya. Jiulize Stephen ana umri gani katika kurasa hizo, maana mapambo ni yake yeye.

Kabla ya kuanza soma kidogo kuhusu Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ayalandi waliodai nchi ijitawale, aliyeangushwa baada ya uhusiano wake na mke wa mtu kufichuka na maaskofu kumkana. Alifariki Oktoba 1891. Bila hilo, ugomvi wa chakula cha Krismasi katika sura ya kwanza utakuwa kelele tu, na ukilijua utasoma mojawapo ya mandhari kali kabisa za familia kugawanyika mezani kwa ajili ya siasa na dini. Mahubiri ya jehanamu katika sura ya tatu ni marefu, nami siruhusu kuyaruka, kwa sababu hofu anayoipata Stephen inatakiwa imfikie msomaji kwa uzito wake.

Katika sura ya tano simama kwa muda mrefu pale Stephen anapozungumza na mkuu wa masomo, padri Mwingereza, kuhusu taa na mafuta. Stephen anakitaja kifaa cha kumiminia mafuta, kile tunachokiita faneli au mrija, kwa neno lililozoeleka Dublin, na padri hajapata kulisikia. Stephen anawaza kwamba lugha wanayoizungumza ilikuwa ya yule kabla ya kuwa yake, na kwamba kwake itabaki daima ya kuazima, hata akiijua vipi. Baadaye anafungua kamusi na kugundua kwamba neno lake ni Kiingereza halisi cha zamani. Mwingereza ndiye asiyeijua lugha yake. Msomaji yeyote aliyesomeshwa kwa lugha ya mtawala hahitaji ufafanuzi wa kurasa hizi mbili. Zinaeleza pia Joyce alikokuwa anaelekea, kwani tangu hapo aliamua kukitendea Kiingereza kama mali aliyoichukua na asiyedaiwa.

Hatua ya tano: Ulysses

Sasa unaweza kukifungua. Kilitoka Paris tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40, nakala 1,000 tu, mchapishaji akiwa Sylvia Beach, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa na duka la vitabu liitwalo Shakespeare and Company. Hakuna mchapishaji wa kawaida aliyethubutu. Marekani wahariri wawili wa jarida la The Little Review, Margaret Anderson na Jane Heap, walikuwa wamekwisha kutozwa faini mwaka 1921 kwa kuchapisha sura mojawapo, na kitabu kilipigwa marufuku huko mpaka Jaji John Woolsey alipoamua Desemba 1933 kwamba si kitabu cha uchafu. Uingereza kilichapishwa 1936.

Kina sura 18, zote za siku moja, tangu saa 2 asubuhi hadi usiku wa manane kupita. Wahusika wakuu ni watatu: Stephen, yule yule, aliyerudi nyumbani akiwa ameshindwa na anayesumbuliwa na kumbukumbu ya mama yake, ambaye yeye Stephen alikataa kumpigia magoti na kusali, Leopold Bloom, wakala wa matangazo ya magazeti, umri miaka 38, mwana wa Myahudi aliyetoka Hungaria, na Molly, mkewe, mwimbaji, ambaye saa 10 alasiri atamkaribisha nyumbani mwanamume mwingine. Bloom analijua hilo tangu asubuhi, na anazunguka mji mzima akijitahidi kutoliwaza. Hilo pekee linatosha kuwa kisa. Jina la kitabu linakumbusha safari ya shujaa wa Kigiriki katika utenzi wa Homer, na wataalamu huziita sura kwa majina ya safari hiyo, ingawa Joyce hakuyachapa kitabuni. Huna haja ya kuyakariri.

Ratiba ninayoipendekeza ni ya wiki kumi na nne, na haifuati mpangilio wa kitabu moja kwa moja. Soma sura ya 1 na ya 2. Ya 3, ambamo Stephen anatembea peke yake ufukweni akiwaza falsafa, ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Isome mara moja bila kujilaumu usipoelewa, au iruke kabisa, uende sura ya 4, ambako saa inarudi nyuma hadi ile saa 2 asubuhi na unakutana na Bloom akiandaa kifungua kinywa. Paka anazunguka mguu wa meza. Joyce anaandika mlio wake kwa herufi, na kila paka anapozidi kudai maziwa konsonanti huongezeka: kwanza Mkgnao, kisha Mrkgnao, kisha Mrkrgnao. Zitamke kwa sauti, kwa utaratibu, na utasikia kwamba ni sahihi kuliko nyau yetu. Mtu aliyeweza kumsikiliza paka namna hiyo anastahili kuaminiwa katika mambo makubwa.

Katika sura hiyo hiyo jifunze mbinu kuu ya kitabu, mkondo wa fikra. Sentensi moja inasema Bloom alivukia upande wa barabara wenye jua. Punde inakuja nyingine, bila alama yoyote, ambayo si ya msimulizi tena: ni Bloom anayewaza kwamba leo kutakuwa na joto, hasa kwa aliyevaa nguo nyeusi. Kwa nini nyeusi? Hujaambiwa. Kurasa nyingi baadaye utamkuta garini akielekea mazishini. Basi zoezi lako ni kuandika pambizoni "m" panaposema msimulizi na "B" panapowaza Bloom. Baada ya kurasa kumi hutahitaji tena. Kumbuka pia kwamba Joyce hatumii alama za kunukuu: maneno yanayotamkwa huanza na kistari kirefu, na msomaji ndiye anayetambua yanakoishia.

Kisha, kama ulivyozifuata sarafu katika "Araby", fuata sabuni. Katika sura ya 5 Bloom anaingia kwa mwuza dawa kuagiza mafuta ya ngozi ya mkewe, ananusa sabuni yenye harufu ya limau, anaichukua, anaahidi kulipa atakaporudi. Harudi. Sabuni inahama mfuko hadi mfuko siku nzima: inamsumbua makalioni garini, inajitokeza mkononi anapojifanya anatafuta kitu ili asikutane na yule mwanamume, inapewa sauti katika ndoto za sura ya 15, na usiku Bloom anainawia mikono. Kuna vingine kama hivyo: kiazi mfukoni, ufunguo uliosahaulika kwenye suruali nyingine, kipeperushi kinachotupwa mtoni na kuendelea kuelea sura kadhaa baadaye. Ukivifuata vitu hivi vidogo, kitabu kinashikana chenyewe mikononi mwako.

Kuanzia sura ya 7 kila sura ina mtindo wake, na ni vizuri kuujua kabla ili usidhani umekosea ukurasa. Ya 7 imekatwakatwa na vichwa vya habari kwa kuwa iko katika ofisi za gazeti. Ya 11 imeandikwa kama muziki, na kurasa zake za mwanzo ni vipande vya sauti utakavyovikuta baadaye mahali pake. Ya 12 inasimuliwa na mlevi asiye na jina, na ndani yake Bloom anawajibu wanaomdharau kwa Uyahudi wake, jambo linaloifanya kuwa sura ninayoirudia kuliko zote. Ya 14, iliyoko katika hospitali ya wazazi, inaiga mitindo ya nathari ya Kiingereza tangu ya kale hadi ya mitaani, kadiri mimba inavyokua. Hiyo ni ngumu kwa kila mtu, wenye lugha yao wakiwamo, na sioni dhambi kuisoma kwa msaada wa muhtasari. Ya 15 ni tamthilia ndefu ya usiku katika mtaa wa makahaba, iache ikuchukue. Ya 17 ni maswali na majibu kama ya katekisimu, makavu kwa sura ya nje, lakini humo ndimo Bloom na Stephen, mtu aliyefiwa na mtoto wa kiume wa siku 11 na kijana asiye na baba wa kumtegemea, wanasimama bustanini chini ya nyota kisha wanaagana.

Ya 18 ni ya Molly peke yake kitandani: sentensi nane ndefu, karibu bila alama za uakifishaji. Isome kwa sauti. Pumzi yako itaweka vituo mahali panapofaa, na ukipotea tatizo huwa karibu kila mara ni lilelile, hujui "yeye" anayesemwa ni mwanamume gani. Rudi mistari mitano ujiulize. Rekodi ya redio ya Ayalandi ya mwaka 1982, iliyoigizwa neno kwa neno, ni msaada mkubwa kwa sura hii na kwa ya 12.

Hatua ya sita: Finnegans Wake, kwa mlango wa Kiswahili

Kitabu hiki kilimchukua Joyce tangu 1923 hadi 1939. Ni kitabu cha usiku, kimeandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na makumi ya lugha, na sentensi yake ya mwisho inakatika katikati ili iungane na ya kwanza. Sishauri mtu akisome chote. Nashauri asome sura moja, ya nane, kurasa 196 hadi 216 katika matoleo mengi, ambamo wanawake wawili wanafua nguo, mmoja kila ng'ambo ya mto Liffey, wakimsengenya Anna Livia, ambaye ndiye mto wenyewe. Joyce amesuka ndani yake mamia ya majina ya mito ya dunia.

Amesuka pia Kiswahili, na watafiti wamekwisha kuyaorodhesha maneno hayo. Katika kurasa za 203 na 204 utaona "majik wavus has elfun", ambapo Mwingereza anasikia uchawi, mawimbi na viumbe vya ngano, ilhali sisi tunasikia pia maji, wavu na elfu. Na wavu huo kweli unasemwa kuwa na matundu. Hapo hapo yupo "Simba the Slayer of his Oga", na msomaji wa Kiswahili ana hiari ya kusikia woga au kuoga, zote zikikaa vizuri kwenye kisa cha kufua. Mistari michache baadaye inakuja "kissuahealing with bantur", yenye busu na uponyaji ndani yake kwa Mwingereza, na jina la lugha yetu pamoja na Kibantu kwetu sisi. Katika vifungu hivi msomaji wa Mombasa au Bukavu anasikia bila msaada kile ambacho profesa wa Dublin analazimika kukitafuta katika orodha.

Kwa utaratibu: sikiliza kwanza rekodi ya Joyce mwenyewe ya mwaka 1929, dakika kama nane hivi, akisoma mwisho wa sura hii kwa lafudhi ya wafuaji, inapatikana mtandaoni. Usifuate maandishi mara ya kwanza. Mara ya pili fuata kwa kidole. Halafu tafuta mwenzako, kila mmoja achukue upande wake wa mto, msome kwa kupokezana, kurasa mbili kwa siku, mkiandika kila neno linalosikika kama lugha mnayoijua, iwe Kiswahili, Kiarabu, Kifaransa au nyingine. Mtafika mwisho giza likiwa limeingia kitabuni, mto umepanuka, wafuaji hawasikilizani tena kwa kelele za maji, mmoja anageuka mti na mwingine jiwe. Msome kurasa hizo mbili za mwisho polepole, mkishusha sauti kadiri wao wanavyofifia.